Kipira cha Hamsini na Nane

Shangazi yangu Huhana aliwapikia wakata manyoya ya kondoo kwa miaka ishirini na sita, na sauti yake aliipatia huko. Bandani kuna mashine nane zinazonguruma, mbwa wanabweka, kondoo mia tatu wanalia kwa pamoja, na mpishi akisema "Chai!" sharti asikike hadi zizi la mwisho. Kwa hiyo magoti yalipomshinda akaachana na masufuria, klabu ya raga ya Waitawhiri haikuhangaika kupiga kura. Walimkabidhi kipaza sauti cha Jumamosi, awe mtaja namba wa bingo, mchezo wa kufuta namba kwenye kadi, ambao huku kwetu tunauita hausi. Kipaza sauti alikishika kwa heshima tu. Hakikuwa na cha kumwongezea.

Hausi yetu ilikuwa ya mchana, kuanzia saa saba, na faida yake yote ilikuwa na kazi moja: gari la viti kumi na viwili linalowapeleka wagonjwa wa figo hospitali ya mjini Gisborne kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Waitawhiri ni kijiji cha nyumba zisizofika mia, na wagonjwa wa figo tulikuwa nao watano. Mmoja wao ni Babu Tamati, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mwembamba mwenye masharubu meupe. Yeye ndiye aliyekaa kushoto kwa Shangazi kila Jumamosi, akikagua kadi ya kila aliyedai ameshinda. Mimi nilikaa meza ya mlangoni nikiuza kadi. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona, na waliyonong'onezana wawili wale pale mbele nilikuja kuyapata baadaye, kutoka kwa kila mmoja kwa wakati wake.

Yupo na Ripeka. Ripeka ni pacha wa marehemu Paora, mume wa Shangazi. Enzi hizo ungewakuta mawifi hawa jikoni wakitaniana mpaka supu inaungua. Kipira cha themanini na nane kikitoka, Shangazi hakukitaja hivi hivi. Alisema, "Themanini na nane, mimi na wifi yangu tumekaa benchi!" maana wote wawili Mungu aliwajalia nyonga. Ripeka alikuwa akisimama kwenye meza yake na kujigeuza ili ukumbi mzima ushuhudie, na watu wakicheka hadi namba mbili zinapita bila kusikika.

Kisha Paora akafa. Matanga yalikuwa kwetu, na siku ya kwanza tu ndugu zake wakaingia uwanjani pa matanga kuudai mwili, wampeleke bondeni kwao alikozaliwa, kilomita arobaini ukiifuata pwani. Wazee walibishana siku mbili, jeneza likiwa katikati yao. Baba yangu ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu, na baba yangu akianza kuhesabu mababu hana breki. Shangazi alikaa kando ya jeneza, shela jeusi limemfunika hadi kwenye nyusi, na siku zote mbili hakutamka neno. Siku ya tatu Paora akazikwa kwetu. Ripeka alitupia udongo wake, akapangusa mikono, akasema mbele ya kaburi lililo wazi, "Umeniibia pacha wangu, wifi. Na hata mdomo hukufungua."

Hawakusemezana tena kwa miaka minne. Ripeka hakuacha kuja hausi, kwa sababu gari lilikuwa la watu wote na kwa sababu hausi ilikuwa kwenye damu yake. Alikaa meza ya tatu na kadi zake kumi na mbili amezitandaza kama mtu anayeanika samaki. Na kipira cha themanini na nane kikitoka, Shangazi alisema, "Themanini na nane," basi.

Ukutani, juu ya meza ya mtaja namba, palibandikwa kanuni kumi na nne. Leseni ya klabu ya kuchezesha hausi kwa ajili ya jamii ilisimama juu ya hizo. Mtaja namba hagusi kadi. Anayeshinda apige kelele kabla namba inayofuata haijatajwa, akichelewa imekula kwake. Na ya tatu ilisema kwamba kabla ya mchezo wa kwanza watu wawili watahesabu vipira vyote tisini, mbele ya wachezaji, kwa sauti, kisha watie sahihi kwenye daftari. Vipira vilikaa kwenye trei ya mbao yenye vishimo tisini. Miaka ya mwanzo Shangazi na Babu Tamati walivihesabu kimoja kimoja wakivitia mashinani. Baadaye wakawa wanaitupia trei jicho tu, maana kishimo kitupu kinaonekana. Baadaye zaidi wakawa wanatia sahihi huku wanaongea mambo mengine. Mimi niliwaona, na sikusema kitu. Nani angesema?

Jumamosi ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi wa Julai, mvua ya siku mbili. Kilima kilikuwa kimeporomoka barabarani upande wa darajani, na Shangazi na Babu Tamati, waliokuja kwa gari moja, walikwama huko zaidi ya saa nzima. Walipoingia ukumbini saa nane ilikuwa inakaribia. Watu sabini walikuwa wamekaa na kalamu zao nene za wino mkononi, wamekwisha kula mikate ya kukaanga na supu ya nguruwe, na sasa walikuwa wanapiga meza. Wafanyakazi wanne wa barabarani, waliosimamishwa na kifusi hichohicho, walikuwa wamejisogeza ndani kutafuta supu, nikawauzia kadi.

"Shangazi, watu wamechachamaa," nilimwambia.

"Niache nivue koti kwanza," alisema.

Aliinamisha trei juu ya mdomo wa mashine, akavimwaga vipira vyote kwa mkupuo. Vitano sita vikaruka mezani, vikakimbia huku na huku, watu wakashangilia, naye Babu Tamati akavikamata kama anakamata vifaranga. Akavirudisha ndani. Wakatia sahihi. Shangazi akawasha feni, vipira vikaanza kurukaruka ndani ya sanduku la plastiki, na cha kwanza kikapanda kwenye mrija.

"Thelathini na tano, barabara ya nyumbani," alisema Shangazi, maana barabara yetu ya pwani ni namba thelathini na tano, "kama mmefika salama."

Mchana wote Ripeka alikuwa akinung'unika kuhusu hamsini na nane. Ni mwaka wake wa kuzaliwa, yeye na Paora, na kila kadi aliyoweza kuichagua aliichagua ikiwa na namba hiyo. "Hamsini na nane leo imefiwa?" aliwauliza majirani zake. "Haijatia mguu tangu tuanze." Mchezo wa nne, wa saba, wa tisa, haikutoka. Watu walicheka. Kwenye hausi kila mtu ana namba anayoilaumu.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kujaza kadi nzima, na zawadi yake ilikuwa friza mpya kubwa, imewekwa pembeni mwa jukwaa na utepe mwekundu. Hakuna ambaye hakujua kwamba friza ya Ripeka ilikufa wiki iliyotangulia ikiwa imejaa nguruwe na kambakoche, maana alizunguka bonde zima akiwagawia watu kabla havijaoza, huku analia na kutukana. Kwa hiyo namba zilipofika arobaini na kitu, na neno likapita meza hadi meza kwamba Ripeka anangojea moja tu, ukumbi ulibadilika. Hata wanaotafuna waliacha.

"Anangojea ipi?" niliuliza.

"Unauliza? Hamsini na nane."

Walikuwapo wengine wawili waliobakiza moja moja. Kila kipira kilichopanda kwenye mrija kingeweza kumaliza mchezo. Shangazi alitaja ishirini na mbili. Kimya. Akataja tisa. Kimya, na mtu mmoja akavuta pumzi kama aliyechomwa. Hapo waya wa kipaza sauti ukajinyonga kwenye mguu wa meza, na Shangazi akainama kuunasua.

Alikaa chini ya meza kwa muda ambao mimi, kwa mbali, niliuona mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umepauka. Nilidhani ni magoti.

Kulikuwa na kipira chini ya kitambaa cha meza, kimebanwa kati ya mguu wa meza na ukuta wa jukwaa. Namba yake ilitazama juu. Shangazi aliisoma mara mbili. Kisha, kabla hajafikiri, mguu wake wa kulia ulisogea ukakikanyaga.

"Nini?" Babu Tamati alinong'ona.

"Kipira."

"Kipira gani?"

"Hamsini na nane. Nimekikanyaga."

Babu Tamati hakugeuza shingo. Alikuwa mtu aliyeendesha basi la watoto kwenye ukingo wa bahari miaka thelathini. Hakuwa mwepesi wa kuruka. "Tangu lini kiko huko?"

"Tangu tulipovimwaga. Kitakuwa tangu wakati gani tena?"

Ukumbi ulianza kupiga kelele. "Taja namba, Huhana!" "Tunazeeka!"

Akashika kipira kilichokuwa mrijani. "Kumi na mbili."

Hakuna aliyejaza. Ripeka alifumba macho.

"Nisikilize, dada," Babu Tamati alisema, midomo haichezi. "Namba moja au mbili zaidi mtu atajaza, yataisha, tutakwenda nyumbani. Ukisimamisha mchezo itaandikwa barua kwa watu wa leseni. Wataliona daftari. Sahihi ni yako na yangu. Leseni ikienda, gari limekwenda. Mimi Jumatatu nitapanda nini, farasi?"

"Na Ripeka?"

"Ripeka atashinda siku nyingine."

"Hawezi kushinda, kaka. Namba yake iko chini ya kiatu changu."

"Basi kitie ndani. Fungua kifuniko, jifanye kuna kilichokwama, kidondoshe. Nani atajua?"

Shangazi aliniambia kwamba hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwa sababu lilifanana na wema. Mkono wake ulifika hadi kwenye kifuniko. Lakini kwa michezo kumi na miwili watu walikuwa wamecheza na vipira themanini na tisa bila kujua, na hao wawili wengine waliobakiza moja moja nao walikuwa na haki yao. Kukitia sasa kwa siri ni kuchagua nani apate bahati na saa ngapi. Na kutokitia ni kumtazama wifi yake akiomba kitu kisichokuwamo. Akaurudisha mkono.

Akataja nyingine. "Sabini na moja."

Mwanamke wa meza ya nyuma akapiga kelele, watu wakashtuka, kumbe alikuwa amemwagikiwa na chai.

Hapo ndipo Ripeka aliposimama. Kalamu mkononi, miwani imeteremka hadi puani, akaita kwa sauti iliyojaa utani na kuomba, "Huhana! Mtoe mwanangu humo ndani! Mtoe, wifi, nimechoka kungoja!"

Ukumbi uliangua kicheko, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mmoja aliyekuwamo alijua kwamba miaka minne Ripeka hakuwa amemwita kwa jina, wala kwa wifi. Nadhani hata Ripeka alisikia alichosema, maana alikaa ghafla.

Shangazi akazima feni.

Vipira vilianguka chini ya sanduku kama mvua ya mawe inayokatika. Akainama, akanyanyuka, akashika kipira juu kwa vidole viwili. Kipaza sauti alikiacha mezani.

"Wekeni kalamu chini," alisema. "Hiki ni hamsini na nane. Kilikuwa sakafuni. Hakikuwamo mashinani tangu mchezo wa kwanza."

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Halafu wakaelewa wote kwa pamoja. Viti vikaburutwa. Mtu akasema pesa zake zirudi, mwingine akasema yeye alishinda mchezo wa tano kihalali na harudishi hata senti. Mwenyekiti wetu, Wirihana, mtu wa maziwa na ng'ombe, si wa mikutano, alipanda jukwaani akaanza kusoma kanuni ukutani kwa kidole, kama mwanafunzi, mpaka akaifikia ya kumi na moja. Kipira kikionekana kimepungua mchezo ukiendelea, mchezo huo unafutwa hapohapo. Vipira vinahesabiwa upya mbele ya watu, kila mchezaji anapewa kadi mpya kwa idadi aliyokuwa nayo, na mchezo unaanza tena. Michezo iliyokwisha inabaki ilivyo. Wanaotoa leseni wanaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku saba.

"Unafutwa?" Ripeka alisema. Alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. "Hii yangu inafutwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," Wirihana alisema.

Ripeka alitoka kwenye meza yake akaja hadi chini ya jukwaa. Sikuwahi kumwona mtu mnene akitembea kimya namna ile.

"Umengoja nibakize moja," alimwambia Shangazi. "Mchana kutwa nalia hamsini na nane, hamsini na nane, unanisikia. Nibakize moja ndiyo ukione. Haikutosha kunichukulia Paora? Unanichukulia na mwaka aliozaliwa?"

"Sikujua, wifi."

"Usiniite wifi!"

"Sikujua wakati unalia. Lakini nilikiona kabla ya namba mbili za mwisho." Shangazi alisema hivyo kwa sauti ile ya bandani, hadi meza yangu ya mlangoni. "Kumi na mbili na sabini na moja nilizitaja huku nimekikanyaga. Nilitaka kunyamaza. Na vipira hatukuvihesabu leo. Hatujavihesabu tangu mwaka jana. Tulitia sahihi tu."

Babu Tamati aliweka mkono usoni. Hakuna aliyemlazimisha Shangazi kuyasema hayo. Angeishia kwenye "sikujua" na theluthi mbili ya ukumbi ingemwamini.

Ripeka alimtazama.  Akarudi kwenye kiti chake akakaa, kadi ile ya zamani ameibana kifuani, na nilipompelekea kadi mpya kumi na mbili alizipokea bila kuziangalia.

Tulivihesabu vipira. Wirihana alivinyanyua kimoja kimoja, na ukumbi mzima ukahesabu naye kwa sauti, kuanzia moja hadi tisini, na tulipofika hamsini na nane hakuna aliyecheka. Kisha Shangazi akawasha feni akataja namba kwa mara ya mwisho siku hiyo, bila barabara ya nyumbani, bila chochote, namba tupu. Aliyejaza ni kijana mmoja wa wale wa barabarani, ambaye hajawahi kucheza hausi maishani na ilibidi jirani yake amwambie kwamba ameshinda. Alikuwa anaishi kwenye trela. Waliipakia friza kwenye lori la kifusi akampelekea mama yake mjini Rotorua.

Jumanne kamati ilikaa. Baba yangu, aliyekuwa katibu, alikuwa amekwishaandika barua nzuri: kipira kilianguka kwa bahati mbaya, kikaonekana, mchezo ukarudiwa kwa mujibu wa kanuni. Kila neno lake lilikuwa kweli.

"Haisemi kuhusu daftari," Shangazi alisema.

"Daftari hawajaliuliza."

"Kaka, andika. Au nitaandika mimi, na mwandiko wangu unaujua."

"Unataka tufungiwe?" Baba alipandisha sauti. "Tamati yuko hapo, mwambie yeye usoni!"

Babu Tamati alikuwa amekaa karibu na mlango na kofia mapajani. Shangazi akamgeukia. "Kaka Tamati, naandika. Jina lako na langu."

"Andika," alisema Babu Tamati. "Lakini usinisemeshe." Akavaa kofia akatoka.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Hausi ilifungwa wiki nane, klabu ikapewa onyo, na Shangazi na Babu Tamati wakazuiwa kushika kazi yoyote ya mchezo kwa mwaka mmoja. Leseni haikuondoka. Afisa aliyeandika alisema kwamba kama wangeligundua lile daftari wenyewe, wangeandika barua ya namna nyingine. Baba hakuisoma sentensi hiyo kwa sauti. Niliisoma mimi.

Gari lilikosa mafuta wiki ya pili ya kufungwa. Tuliuza kuni, tukauza mikate, watu wakajipanga kwa zamu na magari yao. Zamu ya kumpeleka Babu Tamati aliichukua Shangazi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alimpitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Babu Tamati alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa teksi, akatazama dirishani, na kwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi hakusema neno. Shangazi alimngoja hospitali huku anafuma. Ilichukua wiki tano. Siku moja alifungua mlango wa mbele, akaketi, akasema, "Breki zako zinalia. Tangu mwezi jana zinalia. Utatuua."

Ripeka alikuja mwezi wa Oktoba. Nilikuwa kwa Shangazi siku hiyo, namsaidia kumenya viazi vitamu. Alipita mlango wa jikoni bila kubisha, kama zamani, lakini hakukaa.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," alisema.

"Uliza."

"Siku ile ukumbini hakuna aliyekuona umekikanyaga. Ulisema mwenyewe. Kwa mdomo wako, mbele ya watu wote, na mimi nimesimama mbele yako nakutukana. Sasa nieleze. Kwenye matanga ya pacha wangu ulikaa siku mbili kama jiwe. Mdomo huo ulikuwa wapi?"

Shangazi aliweka kisu chini. Niliinuka nitoke. "Kaa," Ripeka aliniambia. "Baba yako ndiye aliyeongea, basi sikiliza."

"Paora aliniambia hospitali," Shangazi alisema. "Usiku mmoja kabla hajafa. Alisema azikwe hapa, kando ya Mere."

Mere alikuwa mtoto wao wa kwanza. Aliishi siku kumi na moja. Sisi tuliozaliwa baadaye tulimjua kwa jiwe la kaburi lake tu, dogo, chini ya uzio.

"Alisema Mere amelala peke yake miaka thelathini na tatu, inatosha," Shangazi aliendelea. "Lakini mama yenu alikuwa hai bado, anakuja kumchukua mwanawe. Nikaona nikisema, nitakuwa namwambia mama yule kwamba mwanawe hakumtaka. Nikaona wanaume waseme ya mababu, washindane, atakayeshinda ashinde. Upande wetu ukashinda. Nikashukuru, nikanyamaza. Kila mwaka uliopita ikawa ngumu zaidi."

Ripeka alikuwa ameshika mgongo wa kiti.

"Mama angelia," alisema. "Angelia, halafu angekwenda mwenyewe kuchimba kando ya yule mtoto. Humjui mama? Mama alimfumia Mere kofia." Akavuta kiti akakaa kwa uzito, hadi vikombe vikatikisika. "Miaka minne, Huhana. Nimekuchukia miaka minne kwa kitu ambacho kingechukua dakika moja."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba. Nilikuwa naogopa kukuomba."

 Mimi nilimenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kidogo kama kidole. Mwishowe Ripeka alivuta bakuli kuelekea kwake, akachukua kisu cha Shangazi, akaanza kumenya, vibaya, anatupa maganda manene.

"Kofia yenyewe ninayo," alisema bila kuinua macho. "Mama aliniachia. Siku ukitaka kuiona, uje kwangu. Mimi huku sileti."

Shangazi alikwenda kesho yake. Alikaa huko hadi giza, na alichokiona na walichosemezana hakuniambia, na sikumwuliza.